Gari Likilia Ukikata Kona, Sikiliza Kwanza Kabla ya Kununua Spea

Kuna sentensi moja ambayo mafundi wa magari hapa Pwani wameisikia hadi wameichoka: "Fundi, gari lalia." Basi. Mwenye gari akishasema hivyo hukabidhi funguo, akaenda zake kunywa kahawa, akarudi jioni kuuliza ni shilingi ngapi. Fundi hakuambiwa gari lalia wapi, lini, wala vipi. Atafanyaje? Atabahatisha. Atabadilisha kile anachokishuku, na sauti isipoondoka atabadilisha cha pili. Na kubahatisha kwa fundi hulipwa na mfuko wa mwenye gari.

Leo nataka tuzungumzie sauti za aina moja tu: zile zinazotoka chini ya gari pale unapokata kona. Nimezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndizo zinazowatatanisha watu zaidi, kwa kuwa mlio wa tairi, wa beringi na wa viungo vya usukani hufanana katika sikio la asiyezoea. Pili, baadhi ya sauti hizo hazina neno kabisa, na nyingine ni za kuua mtu. Gari linalolia kwa sababu ya sakafu laini ya maegesho, na gari ambalo gurudumu lake lakaribia kung'oka, huweza kufika gereji siku moja na kuelezwa kwa maneno yale yale mawili.

Neno langu ni hili: kona yenyewe ni kipimo. Gari likienda moja kwa moja huficha mengi. Likipinda, uzito wahama, magurudumu yageuka, na kila kiungo chalazimika kufanya kazi. Kwa hivyo sauti inayotokea kwenye kona tu imeshakwambia nusu ya jibu. Nusu iliyobaki waipata kwa maswali manne: Ni kwenye mwendo gani? Ni ukipinda upande gani? Mguu wako uko kwenye mafuta, breki, au haupo popote? Na barabara yenyewe ni ya namna gani?

Kinachotokea gari likipinda

Tuanze na jambo dogo la ufundi, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka.

Gari likipinda kulia, uzito wake walalia kushoto. Wewe mwenyewe wajua, maana mwili wako waegemea upande huo huo. Magurudumu ya kushoto yabeba zaidi, ya kulia yapumua. Ukipinda kushoto, mambo yageuka. Hapa kwetu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hivyo ukizunguka raundabauti wapinda kulia muda wote, na gurudumu la mbele la kushoto ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

La pili ni kwamba magurudumu mawili ya mbele hayapiti njia moja. La ndani lazunguka duara dogo, la nje duara kubwa. Kwa hivyo la ndani lafaa kupinda zaidi kuliko la nje. Mjerumani Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi, alibuni namna ya kulifanya hilo, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaisajili huko Uingereza, na hadi leo mpangilio huo waitwa kwa jina la Ackermann. Lakini hakuna mpangilio uliokamilika kwa kila kona. Ukikata usukani hadi mwisho, tairi hukwaruzika kidogo chini badala ya kubingirika sawasawa. Mkwaruzo huo ndio chanzo cha milio mingi ambayo si ugonjwa.

Kabla ya yote: nati na upepo

Sauti yoyote mpya ya magurudumu, hasa ikiwa umebadilisha tairi au kuziba pancha hivi karibuni, anza na nati. Toa spana ya magurudumu, kagua nati moja moja. Gurudumu lililolegea hutoa mgongano wa "ngo, ngo, ngo" unaozidi kwenye kona, na usukani huanza kucheza. Ukikuta nati zimelegea, zikaze pale pale kwa mpangilio wa msalaba, si kwa kuzunguka kama saa, na usiende mbali kabla fundi hajaangalia kama vijiti vyake au matundu ya rimu yameharibika. Na kila ukifungiwa tairi, zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ni kazi ya dakika tano.

Kisha upepo. Tairi yenye upepo mdogo hulegea mbavu kwenye kona, ikajikunja na kulia. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, tairi zikiwa baridi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko kwenye mwimo wa mlango wa dereva. Gari lililotoka Japani mara nyingi kibandiko chake huandikwa kwa kilopaskali, na hapo wengi huachana nacho. Hesabu yake si ngumu: kPa 220 ni kama paundi 32, na kPa 230 ni kama paundi 33. Usimwachie kijana wa petroli stesheni akujazie "ya kawaida", kwa sababu gari lako na lori la mchanga hayana kawaida moja.

Ukimaliza haya mawili na sauti bado iko, sasa tuisikilize.

Mlio mwembamba: "kwiii"

Huu ni mpira unaoteleza juu ya sakafu. Ukiusikia ndani ya maegesho ya jengo, kwenye sakafu iliyopakwa rangi, gari likitambaa polepole na usukani umekatwa hadi mwisho, endelea na shughuli zako. Ni ule mkwaruzo niliousema, na sakafu laini yaupigia baragumu.

Ukiusikia kwenye lami ya kawaida kwa mwendo mdogo, hapo pana neno. Ikiwa upepo ni sawa, shuku mambo mawili. La kwanza ni tairi kuukuu iliyokauka. Jua letu na joto la Pwani hukausha mpira, na wengi wetu twanunua tairi za mtumba zenye mifereji mirefu ya kuvutia macho lakini zimekaa miaka ghalani. Angalia ubavuni mwa tairi, utakuta herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. Ikiwa ni 2319, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikwambia "mpya", msomee tarakimu hizo.

La pili ni kwamba magurudumu hayakuelekezwa sawa, yaani gari lataka alaimenti. Shimo moja au tuta moja ulilolikuta usiku bila kulitarajia latosha kulipotosha. Pitisha kiganja juu ya tairi polepole, kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kurudi ndani. Ukihisi upande mmoja ni laini na ukirudi ni kama meno ya msumeno, jibu umelipata. Fanya hivyo kwa uangalifu, kwa sababu tairi iliyoisha hutoa nyaya kali zinazokata mkono. Na angalia vijitufe vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji: vimewekwa kwa urefu wa milimita 1.6, na tairi ikiisha hadi kuwa sawa navyo, maisha yake yamekwisha.

Mngurumo: "vuuuu"

Huu ndio uliokula pesa za watu wengi. Ni mngurumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na kwenye kona pana hubadilika sauti. Waweza kuwa tairi iliyoliwa vibaya, na waweza kuwa beringi ya gurudumu. Ukiwa ndani ya gari, vyote viwili vyasikika sawa.

Jirani yangu ana Probox anayosambazia mikate. Ilianza kunguruma, akaipeleka kwenye gereji moja, akaambiwa ni beringi za mbele. Zikabadilishwa zote mbili. Mngurumo uko pale pale. Akaambiwa basi ni sivi jointi, nazo zikanunuliwa, eksi-Japani, kwa bei ya kutoa machozi. Mngurumo ukabaki. Mwisho wake mzee mmoja wa kuziba pancha, ambaye hana hata kibao cha duka, alipitisha mkono juu ya tairi akamwambia: "Hizi zimeliwa mawimbi, mwanangu. Zilikuwa nyuma, mtu akazihamishia mbele." Tairi mbili zikabadilishwa na kelele ikaisha. Pesa ya beringi na sivi haikurudi.

Swali moja lingemwokoa: je, sauti yabadilika barabara ikibadilika? Mngurumo wa tairi hutegemea barabara. Ukitoka kwenye lami mpya ukaingia kwenye lami yenye kokoto zilizochomoza, sauti hugeuka mara moja. Ukiingia kwenye kabro, husikiki tena kwa kelele za kabro yenyewe. Beringi haijali barabara. Yanguruma vile vile kwenye lami laini kama mkeka.

Swali la pili ni la upande. Kwenye barabara tupu, kwa mwendo wa wastani, pinda kidogo kulia kisha kidogo kushoto. Kumbuka somo la uzito: ikiwa mngurumo wazidi ukipinda kulia, mara nyingi beringi mbovu ni ya kushoto, kwa sababu ndiyo inayobebeshwa mzigo. Ukizidi ukipinda kushoto, shuku ya kulia. Kama haubadiliki kwa upande wowote lakini wabadilika kwa barabara, rudi kwenye tairi.

Swali la tatu ni la mikono. Hamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele. Sauti ikihama, mkosaji ni tairi. Lakini kama ubavuni mwa tairi pana mshale wa mwelekeo, ihamishe mbele na nyuma kwa upande ule ule, usiivushe.

Na tairi iliyoliwa mawimbi, yaani mabonde na vilima kuzunguka mpira, mara nyingi yakwambia shoki zimechoka au gurudumu halikubalansiwa. Ukinunua tairi mpya ukaacha shoki mbovu, utazinunua tena.

Kugonga kwa haraka: "ka-ka-ka-ka"

Hii ni sauti inayojulikana zaidi, na yenye kusingiziwa zaidi. Umekata usukani hadi mwisho, wakanyaga mafuta kidogo kutoka kwenye maegesho au kugeuza gari kwenye kichochoro, na chini kunagonga kwa haraka kulingana na mwendo wa gurudumu. Ukiacha mafuta, hupungua au hunyamaza. Hiyo ni sivi jointi ya nje.

Sivi ni kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu huku gurudumu likiwa limepinda. Ndani yake mna gololi za chuma zinazoteleza kwenye mifereji, na zote zimezamishwa ndani ya grisi. Grisi yenyewe imefunikwa na mpira wenye mikunjo kama ya kodiani. Mpira huo ukipasuka, grisi hurushwa nje na mchanga huingia ndani. Na mchanga hapa kwetu hatuagizi kutoka popote. Kwa hivyo inama, angalia nyuma ya gurudumu. Ukiona mpira umepasuka na grisi imetapakaa kwenye rimu na madigadi, ushahidi umekamilika. Mpira ukiwa mzima na mkavu, usikubali haraka kwamba ni sivi.

Ujue pia gari lako lavutwa na magurudumu gani. Vitz, Demio na Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo zina sivi mbele. Matatu ya HiAce ya kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma. Mbele haina sivi. Dereva wa matatu akiambiwa alipe sivi ya mbele kwa gari la namna hiyo, na aombe aonyeshwe iko wapi. Kwenye gari la kusukumwa nyuma, mgongano au msago unaotokea kwenye kona tu, na ukatoka nyuma, waweza kuwa gia ndogo za ndani ya difu, ambazo kazi yake ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko lenzake. Angalia oili ya difu kwanza kabla ya kuifungua.

Mkwaruzo: "krrrr" na "shhhh"

Mkwaruzo wa chuma kwa chuma kwenye kona huelekea kwenye breki. Gusa breki kidogo huku ukipinda. Sauti ikibadilika au kunyamaza, kagua breki pedi na diski. Pedi nyingi zina kijibati kinacholia kwa makusudi pedi ikikaribia kuisha. Wakati mwingine si pedi bali ni lile bamba jembamba lililo nyuma ya diski: limepindika likagusa, au kijiwe cha barabara ya vumbi kimekwama katikati. Kijiwe hutoa sauti ya kutisha kuliko ugonjwa wowote, na dawa yake ni kukitoa.

Mkwaruzo wa "shhhh" wa mpira, unaotokea usukani ukikatwa hadi mwisho tu, ni tairi inayogusa plastiki ya ndani ya madigadi. Ama plastiki imechomoka vibanio, ama umefungiwa tairi pana kuliko za gari, ama springi zimelala kwa mzigo. Tafuta mahali palipong'aa kwenye plastiki na kwenye ubavu wa tairi. Usidharau, kwa sababu ubavu ndio sehemu nyembamba ya tairi, na ukikatika huko hauzibwi.

Mlio wa mlango mkavu: "kreee" na "kho"

Sasa twafika mahali pa kutulia. Gari likipinda polepole, likapanda tuta au kuingia lango la nyumba, na ukasikia mlio wa bawaba kavu au mgongano mmoja mzito, sauti hiyo yatoka kwenye viungo: boli jointi, tairodi endi, bushi, au maunti ya juu ya shoki.

Maunti ya shoki ina tabia yake. Gari likiwa limesimama, mwambie mtu ageuze usukani huku wewe ukisikiliza juu, upande wa boneti. Ukisikia springi yaruka "doing", maunti imekwama. Haipendezi, lakini wiki moja haitakuua.

Boli jointi ni jambo jingine. Ndicho kifundo kinachoshika gurudumu na mwili wa gari huku kikiliruhusu kupinda, kama kifundo cha nyonga. Kikiisha hadi kikachomoka, gurudumu hulala chini na usukani haukusikizi tena. Ukiwa wateremka kutoka Kwale kuelekea Kombani, kwenye zile kona, na watoto wa shule wamekaa nyuma, hapo hakuna nafasi ya kujaribu mara ya pili. Na hewa ya chumvi tunayoishi nayo hula chuma kimya kimya.

Kipimo chake si kigumu. Egesha pahali tambarare, vuta handibreki, weka mawe nyuma ya magurudumu, inua kwa jeki na utie stendi ya chuma. Usiingize hata mkono chini ya gari lililosimama kwa jeki pekee. Shika gurudumu juu na chini, kama saa 12 na saa 6 kwenye uso wa saa, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kisha tikisa tena. Mchezo ukiisha breki ikiwa imekanyagwa, ugonjwa ni beringi. Ukiendelea, ni boli jointi au kiungo kingine. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza hapo tu, shuku tairodi endi. Mwisho lizungushe kwa mkono huku mkono mwingine umegusa springi. Beringi mbovu utaihisi ikikwaruza vidoleni kabla masikio hayajasikia.

Sauti mbili zinazodanganya

Ya kwanza ni ya pampu ya usukani. Gari lenye usukani wa oili hulalamika ukiukata hadi mwisho na kuushikilia hapo. Kulalamika kidogo ni kawaida, lakini usiushikilie. Kikizidi, angalia kiwango cha oili na kama inavuja. Magari mengi madogo ya Kijapani ya miaka ya karibuni usukani wake ni wa umeme na hauna oili kabisa, kwa hivyo anayetaka kukuongezea oili ya usukani kwenye gari kama hilo, mwulize ataimimina wapi.

Ya pili ni ya pikapu za kuvuta magurudumu yote manne kwa hiari ya dereva. Ukisahau gia hiyo ikiwa imeingia ukarudi kwenye lami kavu, kila kona gari litashikana, tairi zitaruka na kulia. Si ubovu. Toa gia hiyo. Na kwa gari linalovutwa na magurudumu manne muda wote, kama Subaru nyingi, usichanganye tairi mpya na kuukuu, kwa sababu tofauti ya ukubwa huitesa difu.

La kusimamisha na la kusubiri

Simamisha gari usiende popote kama nati zimelegea, gurudumu lacheza mikononi, gurudumu moja limekuwa la moto kuliko mengine, nyaya zaonekana kwenye tairi, au ubavu umefura uvimbe. Hilo mwite fundi aje, au likokotwe.

Nenda polepole hadi gereji kama ni beringi inayonguruma bila kucheza, sivi inayogonga, au pedi zinazolia. Usipange nayo safari ya Maulidi hadi Mokowe. Sivi ikivunjika gari halitavuta, na njia ya Garsen na Witu si pahali pa kutafuta spea usiku.

La kupangia siku ni alaimenti, maunti ya shoki, plastiki iliyochomoka, na bamba la breki lililopinda.

Namna ya kumweleza fundi

Mafundi wetu wengi ni watu wajuzi na waaminifu. Tatizo ni kwamba twawapa kazi ya uganga. Badala ya "gari lalia", sema hivi: "Yanguruma kuanzia mwendo wa 60, yazidi nikipinda kulia, haibadiliki barabara ikibadilika, na nikiacha mafuta yaendelea." Fundi akisikia hayo, atakwenda moja kwa moja kwenye beringi ya kushoto. Mchukue naye aisikie mwenyewe barabarani kabla ya kufungua nati hata moja.

Kisha weka masharti matatu kwa adabu. Akuonyeshe ubovu kabla ya wewe kununua spea. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati, mjaribu, ndipo mwendelee. Na spea ya zamani akurudishie mkononi. Akikataa la tatu, tafuta fundi mwingine. Ikiguswa tairodi au boli jointi, alaimenti ifuate siku hiyo hiyo, la sivyo tairi mpya zitaliwa kama zile za kwanza.

Sisi twaamini ajali ni kadari, na ni kweli. Lakini tumefundishwa vile vile kufunga ngamia kwanza ndipo tutawakali, na aliyekaa kiti cha nyuma ni amana mikononi mwa dereva. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gari ukuta wenyewe huwa ni wa hospitali. Leo jioni, kabla ya kuegesha, zima redio, shusha vioo, tafuta uwanja mtupu, ukate usukani kulia mzunguko mmoja na kushoto mzunguko mmoja. Likiwa kimya, sema alhamdulillahi. Likiwa na neno, sasa wajua pa kuanzia kulisikiliza.